Kumbe mwanangu hakuwa na fangasi

Jamani hili lazima niliandike maana limenitesa miezi minne. Mwanangu alipofika mwaka na nusu alianza kujikuna kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, usiku ndo balaa, umelala unasikia tu kucha krr krr krr gizani, asubuhi shuka lina vidoa vya damu. Bibi yake akasema joto, jirani akasema fangasi, duka la dawa wakanipa krimu ya fangasi bila hata kumvua mtoto shati. Nikapaka wee, wapi.

Ilikuwa pumu ya ngozi, yaani eczema, ngozi inakauka na kuwasha. Kilichonichanganya ni picha za mtandaoni, nyingi ni za ngozi nyeupe zenye wekundu, wakati kwenye ngozi zetu huo wekundu mara nyingi huuoni, kwa mwanangu palikuwa na weusi wa kijivujivu, pakavu, panene, ukipitisha kiganja kama msasa. Daktari akaniuliza kwenu kuna mwenye pumu ya kifua? Kumbe pumu hizi mbili hutembea pamoja kwenye familia. Nikaduwaa, maana baba yake anatembea na inhela mfukoni.

Fangasi mara nyingi utawajua kwa duara lao, pembeni pameinuka na pana magamba, katikati kama panapona, na mapunye ya kichwani nywele zinakatika. Upele wenyewe, ule wa scabies unaoambukiza, unapenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono na kiunoni, halafu mtu hajikuni peke yake, baada ya wiki chache nyumba nzima mnajikuna, na dawa mpake wote siku moja. Pumu ya ngozi haiambukizi kabisa, watoto wasitengwe tafadhali.

Kinachoniuma zaidi ni hizi krimu za mchanganyiko zenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, ukiwapaka fangasi muwasho unatulia unashukuru Mungu, kumbe wanatambaa chini kwa chini, ukiacha wanarudi kwa kishindo na lile duara halipo tena, hata daktari anapata kazi kuwatambua. Steroidi yenyewe sio adui, wangu alipewa ya nguvu ndogo kwa siku chache ikamsaidia. Ila ukiona panatoa maji na gaga la njano, au mtoto ana homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa hivi namuogesha haraka kwa maji ya vuguvugu, sabuni za dawa niliacha, na kabla hajakauka vizuri nampaka mafuta ya mgando mwili mzima. Juzi kaamka saa 1 asubuhi, usiku kucha sikusikia kucha.