Kuona si kumezea

Saa tatu usiku ujumbe unaingia kwenye simu: "Nilidhani hili ungekuwa umeshalimaliza." Hakuna salamu. Kabla hujausoma mara ya pili, taya limekaza, masikio yamepata moto, na kidole gumba kiko juu ya herufi kinatafuta pa kuanzia. Pumzi moja haijaisha na wewe tayari uko vitani.

Kwa hali hii Kiswahili kina majibu mawili yaliyokwisha kupikwa: umpe mtu vidonge vyake, au umezee. La pili ndilo tunalolisifu. Anayemezea tunamwita mtu mzima. Kwa hiyo wengi wanapokutana na mafundisho ya Buddha, au ya Laozi, mhenga wa China anayetajwa kuwa mwanzilishi wa Udao, huyapokea kama darasa jingine la kumezea, safari hii lenye uvumba na picha za milima. Sivyo. Kilichomezwa hakijaondoka, kimehama tu, na kesho kutwa kitamtokea mtu asiyehusika kabisa. Kinachofundishwa ni kitendo cha tatu, na hicho hujifunzwa kwa kurudiarudia, kama ushonaji.

Neno la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Ubuddha, ni sati. Siku hizi tunalitafsiri umakini, lakini mzizi wake ni kukumbuka. Si kukumbuka ya jana, bali kukumbuka unachofanya sasa hivi. Anayetafuta funguo huku kazishika mkononi hajakosa akili, amekosa sati.

Sati inaangalia nini? Katika mafundisho ya kale kuna mnyororo mfupi. Kitu kinagusa mojawapo ya milango sita: jicho, sikio, pua, ulimi, mwili, na akili yenyewe. Mguso unazaa vedana, yaani ladha: tamu, chungu, au isiyo tamu wala chungu. Ladha inazaa kiu: niongezewe, au niondolewe. Kiu inazaa kung'ang'ania, na kutoka hapo ndipo unapozaliwa ule ujumbe wa aya nne utakaotamani kuufuta asubuhi. Angalia kwamba vedana si hasira wala wivu. Hizo zinakuja baadaye, zimeshapambwa na hadithi. Vedana ni ladha tupu, na huwezi kuizuia, kama usivyoweza kulamba limau ukaamua lisiwe kali. Pa kuingilia ni kati ya ladha na kiu.

Turudi kwenye simu. Iweke mezani, kioo kikiangalia chini. Usibaki nayo mkononi, kwa sababu mkono ulioshika simu umeshaanza kuandika. Tafuta ladha iko wapi mwilini: taya, koo, kifua, tumbo. Ipe jina kwa neno moja, "chungu". Usiseme "ananidharau", maana hiyo tayari ni hadithi. Acha pumzi tatu zitoke kwa urefu wake zenyewe, kisha geuza simu usome tena na uhesabu kilichoandikwa. Maneno manne. Ile sauti ya kejeli uliyoisikia hukuisoma popote, umeiongeza mwenyewe.

Buddha aliieleza hali hii kwa mfano wa mtu aliyechomwa mshale, kisha akachomwa wa pili. Maumivu ya kwanza yanampata kila mtu. Wa pili ni yale tunayoyajengea juu yake. Mfano huo umekuwa maarufu mno, lakini watu huuacha nusu. Mafundisho yanaendelea: mtu asiyejizoeza, akiguswa na uchungu, hukimbilia raha, kwa sababu hajui njia nyingine ya kutokea. Ndiyo maana ukishasoma ujumbe kama ule unajikuta dakika 40 baadaye ukitazama video za watu wanaosafisha mazulia. Tunauita uvivu, kumbe ni mtu anayekimbia.

Kosa linalojitokeza mapema hapa ni kutumia jina kama fimbo. Mtu anasema "chungu, chungu, chungu" harakaharaka ili hisia iondoke. Huko ni kumezea kwa Kipali. Kipimo ni rahisi: ukishaitaja, je, uko radhi ibaki dakika moja zaidi? Kama huko radhi, ulikuwa unaifukuza, hukuwa unaiona.

Haya hayajifunzwi siku nyumba inapoungua. Yanahitaji kukaa kila siku, hata dakika 10, kabla simu haijafunguliwa. Kwa Kiswahili huwa tunasema kutafakari, neno linaloponza kidogo, kwa kuwa kutafakari kwetu ni kulifikiria jambo kwa kina, na hapa hulifikirii jambo lolote. Kiti kinatosha. La muhimu ni nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Zikiwa chini, kiuno kinapinda, na ndani ya dakika tano maumivu ya mgongo yatachukua usikivu wako wote. Blanketi lililokunjwa chini ya makalio linamaliza tatizo. Usiegemee. Kidevu kiingie ndani kidogo. Ukisinzia, fumbua macho nusu na utazame sakafu kama mita moja mbele yako.

Chagua mahali pamoja pa kuihisi pumzi, puani au tumboni, na usihamehame. Kila pumzi ikitoka, hesabu moja, mpaka kumi, kisha urudi moja. Kwa nini kumi? Buddhaghosa, mtawa aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5 BK, alishauri usiishie chini ya tano wala usivuke kumi. Chini ya tano akili inabanwa kama ng'ombe kwenye zizi dogo, na ukivuka kumi akili inaegemea namba na kuisahau pumzi. Yeyote aliyewahi kujikuta ameshafika 23 anajua alimaanisha nini: hesabu inajiendesha yenyewe na mwenye nayo yuko sokoni. Ukipotea, rudi moja. Usijigombeze, kujigombeza ni safari nyingine ndani ya safari.

Kinachowakatisha tamaa wengi, kuliko hata usingizi, ni kuiendesha pumzi. Maelekezo ya kale yanasema ukivuta pumzi ndefu ujue ni ndefu, ukivuta fupi ujue ni fupi. Hapo mwanzoni hakuna aliyekuambia uirefushe. Anayeirefusha kwa nguvu hubanwa kifua, husikia kizunguzungu, na kuhitimisha kwamba mambo haya hayamfai. Ukijikamata unavuta kwa makusudi, hamishia hesabu kwenye kile kituo kidogo baada ya pumzi kutoka, kabla nyingine haijaingia. Pale hakuna cha kuvuta. Ngoja tu, itakuja yenyewe.

Wengine wanangoja akili iwe tupu. Akili kutoa mawazo ni kazi yake, kama mdomo kutoa mate. Ukipotea mara 30 na kurudi mara 30, kikao kimekwenda vizuri, kwa kuwa kinachozoezwa ni kule kurudi.

Kuna mawazo sugu, ya deni, ya ugomvi, ya kesho, ambayo hayaondoki kwa kurudi kwenye pumzi tu. Kwa hayo Buddha alitoa njia tano, kwa mpangilio. Kwanza, weka wazo jema mahali pake, kama seremala anavyotoa kigingi kinene kwa kugongelea chembamba. Likikataa, tazama madhara yake. Likikataa tena, geuza uso, usilipe nafasi. Ya nne ndiyo ninayoiona bora kuliko zote na haitajwi sana: mtu anatembea mbio, anajiuliza kwani nakimbilia wapi, anapunguza mwendo, mbona natembea, anasimama, mbona nimesimama, anaketi, mwishowe analala. Wazo nalo linashushwa hivyo, ngazi kwa ngazi. Badala ya kubishana na "nitamjibu nini", uliza ni nini kinachoisukuma mbio hii. Jibu likija, mara nyingi mwendo unapungua. Ya tano ni kuuma meno, kubana ulimi juu ya kaakaa na kulikandamiza wazo kwa nguvu zote. Kwa hiyo ndiyo, kujikaza kumo. Lakini ni kwa namba tano, baada ya mengine yote kushindwa, na sisi ndiko tunakoanzia.

Tahadhari moja. Aliyepitia jambo zito, kukaa kimya macho yakiwa yamefumbwa kunaweza kulifukua. Huyo aache macho wazi, ahisi nyayo sakafuni au afanye zoezi kwa kutembea polepole, na apate mtaalamu wa afya ya akili wa kumshika mkono.

Sasa Udao. Mtu ameshaona, hajameza. Anajibuje? Buddha anakufikisha mlangoni. Kuhusu namna ya kupita, nawaona Wadao wana jicho zaidi. Neno lao ni wu wei, na tafsiri yake ya neno kwa neno, "kutotenda", imewaharibu wengi kwa kuwapa kibali cha kulala. Afadhali kusema kutolazimisha.

Chukua uzi wenye fundo. Mkono usiozoea unashika ncha mbili na kuvuta, na kila ukivuta fundo linakaza, hata ukucha hauingii. Mkono uliozoea hauvuti. Unaligeuza fundo, unatafuta kitanzi kilichopanda juu ya vingine, kisha unasukuma uzi kuelekea ndani ya fundo ili lipate ulegevu. Likishalegea, kitanzi kinatoka kwa ncha ya kidole. Kazi imefanyika, tena nyingi, ila hakuna mahali ilipofanywa dhidi ya uzi.

Katika Zhuangzi, kitabu cha kale cha Wadao, yumo mpishi aitwaye Ding anayemtenganisha ng'ombe vipande vipande mbele ya bwana wake. Anasema mpishi wa kawaida hubadili kisu kila mwezi kwa sababu anakatakata. Mpishi mzuri hukibadili kila mwaka. Chake kina miaka 19, kimepita kwenye maelfu ya ng'ombe, na makali yake ni kama yametoka kwenye jiwe la kunolea leo. Kwenye viungo kuna nafasi, anasema, na makali hayana unene. Kitu kisicho na unene kikiingia penye nafasi, kinapita. Watu huishia hapo na kudhani ni habari ya wepesi. Soma mbele kidogo: akifika penye kiungo kigumu anajihadhari, macho yanatulia, mkono unapunguza mwendo, kisu kinasogezwa kidogo sana. Kutolazimisha huwa polepole zaidi pale palipo pagumu.

Ujumbe wetu nao una mfupa na una kiungo. Mfupa ni lawama. Ukiugonga, utagonga usiku kucha. Kiungo ni swali lililofichwa: kazi imekwisha au bado? Jibu linapita hapo: "Habari za jioni. Bado, utaipata kesho saa sita mchana." Halimo neno la kujitetea wala la kuomba radhi kwa lisilo kosa. Na kama lawama yenyewe inahitaji kuzungumzwa, ina siku yake, uso kwa uso. Wu wei haikukatazi kusema, inakuuliza kisu unakipitisha wapi.

Humo humo kwenye Zhuangzi upo mfano wa mashua. Mtu anavuka mto, mashua tupu inamgonga. Hata kama ana hasira za karibu, hakasiriki. Ndani akionekana mtu, anapaza sauti mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu anatukana. Tumeuzoea kama ushauri wa kuwaona wengine kuwa mashua tupu, na unasaidia barabarani. Ila mwandishi alikuwa na jambo gumu zaidi: mashua tupu uwe wewe. Punguza wa kugongwa.

Mila hizi mbili zimechanganyika tangu zamani. Ubuddha ulipoingia China karibu na karne ya 1 BK, watafsiri waliazima maneno ya Kidao, na hata wu wei ilitumika kumaanisha nirvana, yaani kuzimika kwa kiu. Lakini kuchanganya kuna mtego: wapo wanaoichukua wu wei kuwa ruhusa ya kutokaa kabisa. "Mimi najiachia tu." Kujiachia kwa asiyejizoeza ni kuachia mazoea yake yale yale yamwendeshe. Mtawa Sona, aliyewahi kupiga kinanda cha nyuzi, alijitesa kwa kutembea katika mazoezi mpaka nyayo zikatoka damu. Buddha alimuuliza: uzi ukikazwa sana, unatoa sauti? Ukilegezwa mno je? Basi ukiona baada ya wiki mbili za kukaa unamkasirikia kila anayepiga kelele, uzi umekaza. Shuka hadi dakika tano na acha kupima maendeleo. Ukisinzia kila siku, umelegea. Badili saa, au fanya zoezi umesimama.

Kuna kipande cha habari ya Ding ambacho ni rahisi kukiruka. Ng'ombe akishaanguka vipande, anasimama na kisu mkononi, anatazama huku na huku, anaridhika, anakifuta na kukiweka. Jibu likishatumwa, lifanyie hivyo. Soma mara moja kama limekwenda, weka simu chini, pumzi moja itoke, kisha nenda kwenye lililofuata. Usikae ukichungulia kama alama ya kusomwa imegeuka rangi. Ile nayo ina ladha, na kiu yake iko karibu sana.