Champurrado: atole ya chokoleti, na kwa nini sembe haitoshi

Atole ni uji mwepesi wa mahindi ambao Wameksiko huunywa wa moto, na ukitiwa chokoleti huitwa champurrado. Mwenzake ni tamales, yaani kinyunga cha mahindi kilichofungwa kwenye maganda au majani na kupikwa kwa mvuke, hasa asubuhi na tarehe 2 Februari, sikukuu ya Candelaria. Siku hiyo aliyekuta kisanamu cha mtoto ndani ya mkate wa Januari 6, sikukuu ya Wafalme Watatu, ndiye anayewalisha wengine tamales.

Kila kitu huanzia kwenye unga. Unaotakiwa ni masa harina: mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa ya chakula, yakalazwa humo, yakaoshwa maganda, yakasagwa na kukaushwa. Chokaa ndiyo inayoleta ile harufu ya tortilla, chapati ya mahindi ya Meksiko. Sembe haijapitia chokaa, kwa hiyo ukiitumia utapata uji mzuri tu wa kawaida wenye chokoleti. Konflawa hutumika huko Meksiko kwenyewe kwa atole za vanila au stroberi, nayo hulainika sana, lakini kwa champurrado naiona haina ladha ya mahindi kabisa.

Kwa vikombe vinne vikubwa: maji nusu lita, maziwa nusu lita, masa harina gramu 60, chokoleti ya Kimeksiko (ya vipande, yenye sukari na mdalasini) gramu 90, piloncillo gramu 60, kijiti kimoja cha mdalasini, chumvi kidogo. Piloncillo ni sukari ya miwa isiyosafishwa. Sukari guru inaziba pengo lake vizuri. Mdalasini uwe ule wenye magome membamba yanayovunjika kwa vidole, kama wa Sri Lanka. Ule mgumu na mnene una ukali unaofunika chokoleti.

Toa mililita 200 za maji, yakiwa baridi, ukorogee unga humo mpaka usione donge. Usimwage unga mkavu kwenye maji ya moto: nje ya kila donge huiva papo hapo na kufunga ngozi, ndani unabaki mkavu, na hapo hata mwiko haukusaidii. Ikishatokea, chuja.

Maji yaliyobaki yachemshe na mdalasini na piloncillo kwa dakika 10, mpaka sukari iyeyuke yote. Maziwa yasiingie mapema. Sukari hii ina asidi kidogo na inaweza kuyakata yakichemka nayo. Punguza moto, mimina unga ulioukoroga huku unakoroga, pika dakika 5 uanze kuwa mzito, ndipo utie maziwa yaliyopashwa na chokoleti iliyokatwakatwa. Endelea dakika 10 hadi 15 kwa moto mdogo, mwiko ukikwangua chini ya sufuria, maana unga hutuama na kuungua, na harufu ya kuungua haitoki tena. Ukionja na ulimi ukahisi ladha ya unga mbichi, bado. Toa mdalasini.

Povu hupatikana kwa molinillo, upekecho wa mti unaosokotwa kati ya viganja. Mchapo wa waya unafanya kazi, ila povu lake hulala haraka.

Epua ikiwa nyepesi kuliko unavyoitaka, kwa kuwa hukaza ikipoa. Iliyolala kwenye friji huganda karibu kama faluda. Iongeze maziwa, uipashe polepole huku unapekecha.