Kabla ya Saa Mbili na Baada ya Saa Sita

Binti yangu alipotimiza miaka 4 nilimwandikisha PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, katika shule ya msingi ya serikali huku kwetu Likoni, Mombasa, nikadhani shida ya malezi imekwisha. Chekechea huanza saa mbili na watoto huachiliwa saa sita, ilhali mimi ni fundi wa cherehani katika kiwanda kilicho upande wa Changamwe, na ili nifike kabla ya saa moja na nusu hulazimika kutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, nivuke feri kwa miguu, kisha nipande matatu. Jioni sirudi kabla ya saa kumi na mbili. Mume wangu ni dereva wa lori la kwenda Malaba, kwa hiyo kumtegemea kwa siku za kazi ni kujidanganya.

Asubuhi ilitatuka kwa ujirani. Bibi wa nyumba ya pili alikubali kumpokea mtoto angali na usingizi, ila aliniambia waziwazi, "Mwanangu, mimi magoti haya hayanifikishi shuleni." Mjukuu wake, aliyekuwa gredi ya 6 katika shule hiyo hiyo, ndiye aliyekuwa akimshika mkono na kumpeleka.

Mchana ndio ulionitesa. Mjukuu huyo hutoka saa tisa na nusu, na kituo cha kulelea watoto kilichokuwa karibu kilikuwa chumba kimoja chenye watoto wengi kuliko nafasi. Nilipouliza langoni, niligundua kwamba wazazi wengine 5 walikuwa na tatizo lilo hilo, tukaenda pamoja kwa mwalimu mkuu kuomba darasa la chekechea litumike mchana, nasi tumlipe mlezi.

Mwalimu mkuu hakukataa, lakini alitueleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto ni jukumu la kaunti, ilhali shule ya msingi iko chini ya serikali kuu. Darasa tulilolitaka, kwa hiyo, lilikuwa ndani ya uwanja wa shule yake, lakini mwalimu wa darasa hilo aliajiriwa na kaunti. Tuliandika barua moja kwa nakala mbili, moja ya halmashauri ya shule na nyingine ya afisa wa chekechea, na tukasubiri karibu muhula mzima. Ningekuwa na akili ya leo, ningeiandika barua hiyo kabla ya mtoto kuanza shule.

Tulikubaliwa kwa masharti: mlezi awe na hati ya tabia njema kutoka polisi na cheti cha afya, mikeka na chakula vitoke kwetu, na darasa liachwe limefagiliwa. Kila mzazi alitoa shilingi 100 kwa siku. Watoto walikula wali na maharagwe, wakalala, na walioandikishwa madrasa wakapelekwa saa nane. Binti yangu alikaa hadi mjukuu wa Bibi alipomaliza masomo, wakarudi nyumbani pamoja.

Siku moja mlezi aliugua. Simu zetu kiwandani hufungiwa kabatini, na mwalimu wa chekechea, akijua mlezi huchelewa kidogo, alimwacha mtoto kwa mlinzi akaenda zake. Nilipofika jioni nilimkuta binti yangu na midomo myekundu ya mabuyu. Nilipomuuliza nani kamnunulia, akajibu kwa furaha, "Babu wa geti!" Hapo ndipo nilipojua kwamba alishinda kwenye benchi la mlinzi kwa zaidi ya saa tatu. Mlinzi nilimshukuru sana, lakini usiku ule sikulala.

Kosa halikuwa la mtu mmoja. Hatukuwa tumepanga nani anamkabidhi nani. Tukanunua daftari. Mwalimu hamwachi mtoto mpaka anayempokea atie sahihi na saa, na kila mtoto ana majina mawili ya akiba pamoja na nambari ya simu ya msimamizi wa mzazi kazini. Mlezi asipofika kufikia saa sita na robo, mzazi aliye na zamu wiki hiyo hupigiwa. Mimi zamu yangu humwachia mama mdogo anayeishi Mtongwe, kwa kuwa hata nikipigiwa, feri inaweza kunishika.

Sasa mtoto yuko PP2. Mjukuu wa Bibi ameingia gredi ya 7, na kwa bahati sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, iko ndani ya uwanja ule ule, hivyo bado anampeleka. Ila siku hizi anataka kutoka mapema awahi kudurusu na wenzake, na Bibi ameshaniambia nianze kumlaza mtoto mapema.