Tulivyoihamisha barabara ya mgodi kutoka kando ya Mto Mbwemkuru

Ndugu wa vijiji vya jirani wameniuliza mara nyingi jinsi tulivyofanya hadi barabara ya kwenda mgodini ikaondolewa ukingoni mwa Mto Mbwemkuru, nami nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, kwa sababu ushauri unaozunguka vijiweni kuhusu mambo haya ni mbovu kupita kiasi. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji chetu wilayani Ruangwa, na ushauri huo niliupokea wote, tena bila kuuomba.

Wapo waliotutaka tufunge njia kwa magogo, jambo ambalo lingetupeleka mahabusu kabla ya magogo hayajakauka. Wapo pia waliosema tunyamaze tuchukue fidia, kwani mwenye kupinga barabara anapinga maendeleo. Hao ndio walioniudhi zaidi. Sisi tunaosafirisha korosho na ufuta kwa bodaboda tunaijua thamani ya barabara kuliko wao, na hapakuwa na mtu kijijini aliyeikataa. Tulichokikataa ni mstari mmoja uliochorwa kufuata mto, kwa sababu bondeni ni tambarare na kuchonga njia ya malori ya madini ya kinywe, yaani grafiti, ni rahisi. Bonde hilohilo ndilo lenye mashamba yetu ya mpunga, mabwawa ya viboko, mapito ya tembo na mikuyu ambayo hakuna anayethubutu kuikata. Sehemu yake tulikwisha kuitenga kuwa hifadhi ya msitu wa kijiji, kama Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavyoruhusu.

Ushauri mmoja tuliufuata, na ulivyoanguka unastahili kusimuliwa. Kijana mmoja ambaye kijiweni huitwa wakili, ingawa chuo cha sheria hajakiona hata kwa nje, alituhakikishia kwamba dole gumba za watu wengi hazipingwi na yeyote. Tukazunguka vitongoji vyote na kidau cha wino. Bibi mmoja alipiga dole, kisha akauliza fedha zitatoka lini; mwingine alipiga mara mbili, la pili likiwa la mumewe aliyekuwa Nachingwea. Wino ulipokwisha, wakili wetu akachanganya masizi ya sufuria na mafuta ya kula, na kwa kweli alama zilitoka vizuri, isipokuwa mafuta yalisambaa usiku kucha, na asubuhi kila karatasi ilikuwa na madoa makubwa kama kitambaa cha kufungia maandazi. Ofisa aliyezipokea mjini alizishika kwa ncha za vidole, akazigeuza, akaniuliza kwa adabu, "Mzee wangu, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uko wapi?" Hatukuwa nao, na karatasi zilirudi nasi kwenye basi zikinuka jikoni.

Swali lile la ofisa lilitufaa kuliko dole zote. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini yake. Tuliitisha mkutano, tukajadili, mtendaji akaandika muhtasari, ukapigwa muhuri. Mahudhurio ambatanisheni na muhtasari wenyewe, wala msikubali kuambiwa kwamba yataletwa baadaye. Vilevile tuliandika kwamba wataalamu washauri wa mradi walikuja kutafuta maoni wakati wa mavuno ya ufuta, watu wakiwa mashambani, wakazungumza na wachache waliowakuta dukani. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005 zinamtaka mwenye mradi autangaze na kukutana na watakaoathirika, kwa hiyo iliwabidi warudi.

Siku ya kurudi kwao tulikuwa tumejiandaa, na hapa naomba niruhusiwe kujisifu kidogo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto dhidi ya shughuli za kudumu. Wapimaji wa barabara walikuwa wamepima na kusimika vigingi vyao kiangazi, wakianzia kwenye maji, wakati Mbwemkuru ni mkondo mwembamba katikati ya mchanga. Nilinunua kamba ya kisimani, nikaipima mita 60 kwa tepu ya fundi cherehani. Badala ya kubishana, niliwaongoza wageni hadi kwenye mikuyu na kuwaonyesha majani makavu, mabua ya mpunga na ndala moja ya mtoto, vyote vimenasa kwenye matawi juu ya vichwa vyetu, mahali maji ya masika yalipoviacha. Kisha nikamwomba mhandisi wao ashike ncha ya kamba kwenye kingo ya juu, ile ambayo mto huijaza, nami nikatembea na ncha nyingine. Kila kigingi kilichoangukia ndani ya kamba vijana walikifunga kitambaa chekundu, na tulipomaliza, zaidi ya nusu ya vigingi vilikuwa vimevaa. Mzee mmoja akawakumbusha kwamba Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, hata barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga, nayo ni ya lami. Mhandisi hakujibu, alikuwa akipiga picha ile ndala.

Mstari mpya unapita mgongoni mwa kilima na kuuvuka mto mara moja tu, kwa daraja. Ni mrefu zaidi, na mgodi ulinung'unika kuhusu gharama. Gharama zetu sisi zilikuwa nauli, kamba, kudurufu karatasi na soda za wageni. Laki mbili na ushee hivi, michango ya wanakijiji.

Mgongoni kuna mikorosho, mingi yake ya shemeji yangu, ambaye tangu vigingi vihamishwe ananisalimia kwa kunitikisia kichwa tu. Nimekwisha kumwambia azungukie shamba pamoja na mthamini, wahesabu mti kwa mti, mikubwa na michanga, na asisaini fomu yoyote kabla hajapewa nakala yake. Amesema atafikiria, lakini jana nilimwona akiipiga namba mikorosho kwa chokaa.