Mkono wa kushoto

Nipo Newala siku ya tatu. Korosho zimeanza kudondoka na babu hataki kukaa. Anaokota kwa mkono wa kushoto; wa kulia umekakamaa tangu vita vya Kagera, vidole vimejikunja, sijawahi kuviona vikikunjuka. Akikupa kitu, hata kibiriti, lazima aseme: "Nisamehe kwa mkono wa kushoto."

Jana usiku umeme ulikatika tukahamia barazani. Nikamsimulia mtu ninayemsoma wiki nzima hii, Daniel Inouye, aliyekuwa seneta wa Hawaii, kule Marekani.

"Seneta ndiyo mbunge?"

Nikamwambia ni wa baraza la juu, kila jimbo wawili tu, liwe kubwa au dogo. Akaguna. Babu aliwahi kuwa balozi wa nyumba kumi, na sidhani kama anaona useneta unaufikia ubalozi wake.

Inouye alizaliwa Honolulu mwaka 1924, damu ya Kijapani. Japani iliposhambulia Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani hukohuko Hawaii, Desemba 1941, alikuwa na miaka 17, akakimbilia kuhudumia majeruhi. Watu wa asili yake wakaanza kuonwa maadui ndani ya nchi yao wenyewe. Jeshi lilipokuja kuwafungulia mlango, akajiunga. Tarehe 21 Aprili 1945, huko Italia, alikuwa ameinua bomu la mkono, pini imeshatoka, adui akampiga kwenye kiwiko. Mkono ukabaki unaning'inia, bomu limo ngumini.

Babu akanikatiza. "Ngumi iliachia?"

"Haikuachia. Alilibandua kwa mkono wa kushoto, akalirusha."

"Haiachii," akasema. "Ikikaza vile haisikii amri hata ya mwenyewe." Akanyamaza kidogo. Mimi na vitabu vyangu nilikuwa nimeipita sentensi ile mbio mbio.

Mkono ulikatwa, na ndoto ya kuwa daktari wa upasuaji ikaenda nao. Hospitalini Michigan akakutana na Bob Dole wa Kansas, aliyejeruhiwa Italia mwezi uleule, naye mkono wa kulia haumsaidii tena. Dole ndiye aliyemtajia njia ya siasa. Inouye akasoma sheria, akamtangulia mwenzake bungeni: yeye 1959, Dole 1961. Siku ya kiapo aliambiwa anyanyue mkono wa kulia. Akanyanyua wa kushoto. Aliingia Seneti 1963, hakutoka mpaka alipofariki Desemba 2012. Nishani ya juu kabisa ya kijeshi aliipata mwaka 2000, miaka 55 baada ya lile bomu. Serikali nazo zina mkono wa birika.

"Walikuwa chama kimoja?"

"Hapana. Huyu Democrat, yule Republican."

"Na wakazikana?"

Nikafungua video niliyoihifadhi kwenye simu. Jeneza la Inouye limewekwa ndani ya jengo la Bunge, Dole analetwa kwa kiti cha magurudumu, ana miaka 89. Mbele ya jeneza anakikataa kiti. Anashikwa, anasimama, anasogea, anapiga saluti. Ya kushoto.

Babu alikuwa ameisogeza simu karibu kabisa na macho. Ilipoisha akaninyooshea.

"Nisamehe kwa mkono wa kushoto. Rudisha pale aliponyanyuka."

Chaji ilikuwa imebaki asilimia nne. Nikarudisha.