Kadi za kutoweka, wiki ya sita: nimekwama kwenye ghaibu

Boksi la viatu sasa lina kadi 41, zote za maneno ya kutoweka. Wiki hii nilipanga kumaliza manne, nimetumia karibu muda wote kwa moja, na sijutii.

Matatu yalikwenda haraka. Toweka nimeiweka kundi moja na amka na waka: amsha, washa, towesha. Tokomea imekaa na enea, maana kama ilivyo eneza ndivyo ilivyo tokomeza, lile tunalolisikia kwenye kampeni za malaria. Kuingia mitini nimeiokota kwa fundi cherehani Magomeni, akimnung'unikia mteja aliyeacha suruali tangu Idi: "Kaingia mitini huyo."

Ghaibu ndiyo iliyonishika. Mzizi wake ni wa Kiarabu, gh-y-b, kutokuwepo machoni. Kadi ya kwanza niliichana. Nilikuwa nimeiandika magharibi humo humo, nikiamini jua huenda kughibu upande ule. Sivyo: magharibi ni gh-r-b, mzizi wa kuchwa kwa jua. Sasa nakagua herufi tatu kwanza, maana baadaye.

Ndugu zake wa damu ni ghiba, kumsema mtu asiyekuwepo. Na kusoma kwa ghaibu, maandishi hayapo mbele ya macho ila yamo kifuani. Kisha ughaibuni: u-, ghaibu, -ni. Neno hili nalipenda kuliko yote boksini, kwa kuwa linatazama kutokea huku nyumbani. Aliye Toronto, kwake mwenyewe yupo. Ghaibu ni machoni petu.

Jana jioni nilikwenda Temeke kumsomea bibi kadi hizi, naye anachambua mchele. Alinisikiliza hadi mwisho, akatoa chuya mbili tatu, ndipo akasema, "Mjukuu wangu, mbona swala umeiacha?"

Kaka yake alifia Muscat, akazikwa huko huko. Hapa Dar akaswaliwa swala ya ghaibu: takbira nne, watu wamesimama safu, jeneza hakuna.

"Wanangu waliporudi msikitini niliwauliza kulikuwaje," akasema. "Wakaniambia, mama, mbele palikuwa patupu."

Kadi ya 42 nimeiandika pale pale, kwa maneno yake, ungo ukiwa bado mapajani mwake.