Leo nimerudi kazini baada ya wiki saba

Jamani leo ndo nimerudi stoo huku Kibirizi, wiki saba tangu kiuno kinikamate nikiwa nashusha gunia la dagaa.

Kiuno chenyewe saa hizi si kibaya. Yule mtaalamu wa mazoezi alishaniambia maumivu mengi ya mgongo hayatokani na kitu kilichovunjika, na kulala ndani siku nyingi ndo kunachelewesha kupona, nitembee tu nirudi kazini taratibu.

Ila nilivyosimama mbele ya gunia la kwanza mikono ikaanza kutetemeka, sijaligusa hata, naliangalia tu, jasho linanitoka na upepo wote ule wa ziwa unavuma.

Halafu nyuma nasikia mtu anasema "huyu alikuwa anadeka tu."

Hiyo iliniuma kuliko kiuno, wallahi.

Akaja mzee mmoja tunayepanga naye mizigo, akashika upande wa pili, akasema "mwanangu, leo tunabeba wawili, kesho tutaona."

Tukanyanyua. Mkono wake ulikuwa karibu na wangu muda wote.

Nyie mliowahi kuumwa mgongo, ile hofu ya kuinama iliwatoka baada ya muda gani? Na bosi aliwaelewa?